Barua ya Bwana Usisaini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Idara ya Utumishi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, walimu wastaafu mlioketi mbele, wazazi na walezi, ndugu wageni waalikwa, majirani, wateja wangu, pamoja na wale ambao nguo zenu bado ziko mezani kwangu na mnanitazama kwa jicho ninalolijua, na ninyi watano mliovaa kola ngumu, ambao kuanzia Jumatatu mtaitwa watumishi wa umma: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Mshereheshaji ameninong'oneza nisiseme sana. Na mimi nimemkumbusha kwamba suruali aliyovaa nimeipunguza kiuno mwenyewe jana, na uzi ninaujua ulipoishia. Mnacheka. Chekeni, wapendwa, chekeni sasa hivi, maana huko mbele sioni pa kuchekea.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi cherehani. Chumba cha nyuma cha karakana yangu, kile chenye dirisha linaloangalia ukuta, ndicho kilichozaa sherehe hii. Sina cheti cha kuning'iniza. Nilichangia chumba, mabenchi mawili, na mabaki ya vitambaa ya kufutia ubao. Darasa lenyewe lilikuwa la mdogo wangu, huyu mnayemwita Bwana Usisaini, na leo nimesimama hapa kwa sababu yeye amekataa kusimama. Nilimwambia, "Njoo uwaage wanafunzi wako." Akasema, "Dada, nina kazi za watu. Wewe wapongeze tu, usiseme mengi."

Haya. Hongereni.

Nimeshawapongeza. Sasa niseme mengi.

Ndugu wageni waalikwa, mtihani wa kuandika wa kuingia utumishi wa umma mnausikia kwa mbali tu, kama mvua ya mtaa wa pili. Mnasikia fulani amepita, fulani ameanguka, basi. Mimi nimeishi nao nyumba moja. Una karatasi nne. Kuna Hesabu na Takwimu. Kuna Maarifa ya Jumla, ambayo yanataka ujue waziri gani ameondoka na mto gani umefurika. Kuna Kanuni za Utumishi. Na kuna Lugha na Uandishi, yaani barua, ripoti na muhtasari. Ukianguka moja, umeanguka zote. Wanaoingia chumba cha mtihani wanajaza uwanja wa mpira, na nafasi zenyewe ni za watu wachache wa kula sinia moja.

Hawa watano walijiandaaje? Mama Pacha yule pale alijifunza muhtasari akiwa na mtoto kila paja. Mdogo wangu anamsomea habari ndefu ya bajeti, anamwambia, "Punguza ibaki theluthi." Mtoto wa kulia analia, wa kushoto anavuta kalamu, na mama mtu anapunguza. Siku moja alinijia na malalamiko marefu ya mume, nikamwambia, "Mama Pacha, punguza ibaki theluthi," akanijibu, "Dada Fundi, huyu hata akipunguzwa robo bado ni mwingi." Yuko hapa huyo mume. Karibu, shemeji, usikasirike, tunakupenda.

Mrefu alikuwa adui wa asilimia. Alijifunzia kwenye vitambaa vyangu: kitambaa kikirowekwa kikasinyaa kiasi hiki, kimepungua asilimia ngapi? Alinirowekea kitambaa cha bibi harusi, huyo! Lakini Hesabu aliipasua.

Na Maarifa ya Jumla tuliyasoma sote, tukitaka tusitake. Nashona sare za shule, nyuma yangu wanaimba majina ya mawaziri. Mteja amekuja kupimwa gauni, mikono iko juu, anaulizwa makao makuu ya shirika fulani la kimataifa yako wapi. Akikosea anarekebishwa na darasa zima. Nilipoteza wateja wawili kwa ajili ya elimu, na sijutii, walikuwa wasumbufu.

Lakini Kanuni za Utumishi hazikufundishwa na mdogo wangu. Zilifundishwa na mke wake, wifi yangu.

Naomba niseme kidogo habari za wifi yangu, maana ratiba mliyonayo mkononi haikumtaja.

Wifi yangu alikuwa karani wa masijala katika Idara ya Utumishi. Alikuwa mtu wa kwanza wa mtaa huu kupita mtihani huo, zamani, kabla darasa halijaitwa darasa, walipokuwa wanasoma wawili tu, yeye na mumewe, kwenye meza yangu ya kukatia. Walifanya pamoja. Yeye akapita. Mume akaanguka Hesabu kwa alama kiduchu. Mwingine angenuna, na wanaume wangapi tunawajua wangenuna mpaka nyumba ikahama? Mdogo wangu alimpigia mke wake pasi gauni la kuendea kazini. Kisha akarudi kibandani kwake, kule anakochapa na kutoa fotokopi kazi za watu, akaanza kusoma upya.

Akafanya tena. Hesabu akapita, Maarifa yakamwangusha. Akafanya tena. Maarifa akapita, karatasi nyingine ikamwangusha. Ukiziba huku panavuja kule. Watu wakawa wanamjia, "Tusaidie na sisi, wewe mitihani unaijua," na kweli aliijua, aliijua kama mgonjwa wa siku nyingi anavyozijua dawa. Ndivyo darasa lilivyoanza. Mke akitoka kazini anapitia kwangu, anavua viatu, anakaa juu ya mzigo wa vitambaa, anauliza: "Mtumishi amefiwa na mzazi. Ana haki ya likizo ya namna gani, na nani anaiidhinisha?" Ukipatia anapiga makofi. Ukikosea anacheka mpaka anashika ukuta. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wewe ulifanya naye kazi jengo moja, huenda kicheko hicho ulikisikia kwenye korido ukauliza ni nani huyo. Ni yeye.

Na kila darasa likimalizika alikuwa akimwambia mumewe jambo lile lile: "Baba, umri unakwenda. Pita bwana, tutoke nyumbani pamoja asubuhi." Basi, hicho tu. Hakutaka gari wala hakutaka ghorofa. Alitaka asubuhi watoke wote wawili, wafunge mlango, mmoja amshikie mwenzake mwavuli, waende kazini njia moja. Mdogo wangu alikuwa akimjibu, "Mwaka huu." Kila mwaka alimjibu hivyo, na kila mwaka alimaanisha.

Wapendwa, mnajua kwa nini anaitwa Bwana Usisaini? Wageni hamjui. Katika karatasi ya Lugha na Uandishi kuna swali la barua, na sheria yake ni moja, kali kama wembe: usiandike jina lako. Mtahiniwa ni namba. Barua ukiimaliza unaandika A.B.C., unaondoka. Jina lolote litakaloonyesha wewe ni nani likionekana, karatasi yote inafutwa, hata kama umeandika kama malaika. Mdogo wangu aliwaimbia hilo wakakoma. Anapita kati ya mabenchi: "Wewe ni nani?" Wanaitikia, "A.B.C.!" "Baba yako nani?" "A.B.C.!" "Ukimaliza barua?" "Usisaini!" Watoto wa mtaani wakalidaka, wakawa wanamwamkia njiani, "Shikamoo Bwana Usisaini," naye anaitika, "Marahaba A.B.C."

Niliwahi kumuuliza, "Kwani jina lina ubaya gani?" Akaniambia, "Dada, mahali pengine popote nikienda wananiuliza nimetumwa na nani. Pale ndani mimi na mtoto wa mkubwa wote ni namba. Ndiyo haki yenyewe hiyo." Aliipenda ile sheria. Naomba mkumbuke hilo, maana ndilo linaloniuma.

Wifi yangu aliugua mvua zilipoanza. Alianza na kikohozi ambacho sote tulikidharau, akaingia hospitali akitembea kwa miguu yake, akiwa amebeba na maswali ya kusahihisha. Hakurudi. Sitaki kulirefusha hilo. Aliyefiwa anajua, na asiyefiwa simuombei ajue.

Baada ya mazishi, darasa zima lilihamia nyumbani kwa mdogo wangu. Mama Pacha alipika, Mrefu alichota maji, na Kimya, yule binti pale mwisho asiyesema, alideki. Siku ile ile watu walipoanza kupungua, ikaja barua kutoka ofisini kwa marehemu. Tulifurahi, nisiseme uongo. Tulisema, eeh, kazini wamemkumbuka. Mdogo wangu akaifungua sote tukimtazama, akaisoma kwa sauti.

Kichwa cha barua kilikuwa namba ya jalada. Chini yake: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Ofisi imepokea kwa masikitiko taarifa ya kifo cha mtumishi tajwa. Aidha, familia inakumbushwa kurejesha kitambulisho na funguo za kabati zilizokuwa mikononi mwa mtumishi huyo." Halafu muhuri. Halafu maneno "kwa niaba ya Mkuu wa Idara." Saini hakuna, mtu hakuna.

Wifi yangu! Mtu aliyekuwa akicheka mpaka anashika ukuta, leo yeye ndiye kichwa cha habari hapo juu. Mtu aliyejua kila jalada la jengo lile ni la nani, na watoto wa mwenye jalada ni wangapi, naye amerudi kwetu jalada.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, usiiname, tafadhali. Najua barua hiyo huenda hukuiona. Ilitiwa muhuri kwa niaba yako, kama zinavyotiwa nyingi. Na aliyeiandika hakuwa na ubaya, aliandika alivyofundishwa. Najua hivyo kwa sababu mdogo wangu, badala ya kulia, alichukua kalamu. Aliiweka ile barua gotini akaanza kuisahihisha, kama anavyosahihisha za darasani. Muundo, vema. Lugha, vema. Ufupi, vema. Akafika chini, penye saini isiyokuwepo, akapagusa kwa ncha ya kalamu. Akaniambia, "Dada, huyu angepata alama zote."

Nilimnyang'anya kalamu. Nilimnyang'anya tu, kama vile ndiyo iliyomkosea.

Na darasa likaendelea, ndugu zangu. Mtihani haungoji arobaini. Mdogo wangu akarudi kwenye ubao, amekonda, shati linamwogelea, nikalibana ubavuni bila kumwambia. Akafundisha Hesabu, akafundisha Maarifa. Kanuni za Utumishi hazikuwa na mtu, na hakuna aliyethubutu kuukalia ule mzigo wa vitambaa. Mpaka siku moja Kimya, ambaye tangu aje hatujawahi kumsikia akimaliza sentensi, aliinuka, akavua viatu, akaukalia, akauliza kwa sauti yake ile ya kunong'ona, "Mtumishi amefiwa na mwenza. Ana haki ya likizo ya namna gani?" Mdogo wangu ndiye aliyejibu. Akajibu vizuri, kifungu kwa kifungu. Kisha akatoka nje kuosha uso.

Somo la barua tu ndilo alilokuwa akilirukaruka. Wakimuuliza, anasema, "Barua mnazijua. Usisaini, basi." Lakini kila akiwatajia maswali yanayoweza kutoka, hakuiacha ile ya rambirambi. Alikuwa na pua ya maswali yule, mwaka hadi mwaka.

Mwaka huo ulikuwa wa mwisho kwake. Umri wa kuingia una kikomo, na yeye alikuwa amesimama ukingoni kabisa. Akianguka safari hii, hakuna tena kuomba. Sote tulijua, na sote tulijua pia kwamba safari hii anapita, maana alikuwa hana karatasi inayovuja tena.

Siku ya Lugha na Uandishi niliwasindikiza mpaka getini. Niliwapa kila mmoja kalamu mbili. Niliwangoja kwenye kivuli cha ukuta na wazazi wengine, tunatazama geti kama watu wa hospitali. Wakatoka wanarukaruka, Mrefu amemkumbatia mwalimu wake shingoni: "Mwalimu, imetoka! Barua ya rambirambi, vile vile ulivyosema! Wewe ni mchawi!" Mdogo wangu akatabasamu, akampigapiga begani. Akasema, "Mlimaliza kwa A.B.C.?" Wote, "A.B.C.!" Akasema, "Safi."

Alirudi nami karakana. Nikaketi kwenye cherehani, nilikuwa na mikono ya gauni ya kuunganisha. Yeye akakaa juu ya ule mzigo wa mkewe, mara yake ya kwanza. Akasema, "Dada, nimesaini."

Nikasema, "Umesaini nini?"

"Nimesaini."

Mguu wangu ukagoma juu ya cherehani. Nikamwambia, "Ulisahau, mdogo wangu? Msiba umekuchanganya, ukasahau? Twende tukawaeleze, wao nao ni watu."

Akatikisa kichwa. Akasema, "Sikusahau. Niliandika A.B.C. Nikaitazama. Nikaikata, nikaandika jina langu."

Nitawapa maneno yake kama alivyonipa, sijayapunguza yabaki theluthi. Alisema: "Swali liliniambia mimi ni Afisa Utumishi, mtumishi wangu amefariki, niiandikie familia yake. Nikaanza 'Tafadhali husika', kalamu ikakataa. Nikaanza upya. Nikamwandikia mumewe. Nikamwambia mkeo alikuwa akivua viatu chini ya meza, na tulikuwa tukimtania. Nikamwambia ukija na shida masijala, alikuwa anakutafutia jalada huku anakuuliza hali ya mtoto wako. Nikamwambia ofisi imepoa. Nikamwambia funguo za kabati asihangaike nazo, tutakuja kuzichukua wenyewe, tumpe na pole. Dada, niliandika ile barua niliyoingoja. Halafu nifike chini, mtu amefiwa, nimemwambia pole yote hiyo, nimfiche jina? Nani sasa anayempa pole? A.B.C.?"

Nikamwambia, "Lakini ni mtihani, mdogo wangu! Ni mtihani tu! Mumewe ni wewe!"

Akasema, "Najua. Ndiyo maana ilibidi mtu asaini."

Nililia mimi. Yeye alikuwa amemaliza.

Matokeo yalipobandikwa, namba tano za darasa letu zilikuwepo, na namba moja haikuwepo. Na watu wa mtaa huu, Mola awasamehe, wakapata la kusema. "Mganga hajigangi." Nimelisikia bombani, nimelisikia dukani, nimelisikia likisemwa nyuma ya mgongo wangu na mtu niliyekuwa nikimpima urefu. "Anafundisha watu, mwenyewe hajui." Aliyelisema kwa sauti kubwa kuliko wote simtaji, yumo humu, safu ya tatu, gauni la bluu, zipu nimeitia mimi. Mama, sikuja kukuaibisha. Nimekuja kukuambia tu kwamba alijua. Alijua kuliko wote waliokaa chumba kile. Alikuwa na haki yake yote mkononi, ya miaka na miaka, na akaiweka chini kwa ajili ya mtu mmoja ambaye ofisi yake ilimzika bila kumtaja.

Je, alifanya sawa? Msiniulize mimi, mimi ni dada. Nimemgombeza mpaka nimechoka. Nimemwambia mke wako angekupiga kwa kiatu, kwani marehemu alitaka upite, hakutaka barua. Akaniambia, "Kweli." Kweli tu, basi. Asubuhi anafunga mlango wake mwenyewe, anakwenda kibandani mwenyewe, na mvua ikinyesha mwavuli anaushika upande mmoja, ule mwingine hauna mtu. Namwona kila siku kupitia dirisha langu la mbele. Sijazoea, wala sitazoea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sikuja kuomba matokeo yabadilishwe. Sheria ni msumeno, na mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyeunoa. Ukimpa upendeleo leo utamtukana. Tunakushukuru kwa kuja, tunakushukuru kwa kuwapokea watoto wetu, na tunaisifu ofisi yako kwa lugha safi, ufupi na muundo usio na dosari.

Ombi langu ni kwa hawa watano.

Mama Pacha, Mrefu, na wenzenu: Jumatatu mtakaa kwenye meza. Mtaletewa majalada. Siku moja, haitakuwa mbali, mtaambiwa mtumishi fulani amefariki, andikeni barua. Mkono utakwenda wenyewe kwenye "Tafadhali husika", maana ndivyo mlivyofundishwa, na aliyewafundisha ni wa kwetu. Nawaomba mkono huo muushike. Inukeni, ulizeni alikuwa anakaa wapi, alikuwa anacheka na nani, viatu alikuwa anavivua au havivui. Halafu ndipo muandike. Mwalimu wenu aliwafundisha msisaini ili mpite. Mmepita. Sasa sainini.

Na wewe, Kimya. Nimesikia umepangiwa pale pale, Idara ya Utumishi, kitengo cha barua. Binti yangu, wewe uliukalia ule mzigo wa vitambaa wakati sisi wakubwa tuliogopa. Kuna familia moja ya mtumishi wa ofisi hiyo ambayo mpaka leo haijaandikiwa. Ni familia ya mtu mmoja tu, na anwani unaijua, ulideki sakafu yake. Mheshimiwa hapa atakuruhusu, naona ameshaitikia kwa kichwa, nanyi nyote ni mashahidi. Iwe barua yako ya kwanza. Usiharakishe. Na funguo za kabati, nenda kazichukue mwenyewe, ziko kwenye msumari nyuma ya mlango wake. Amezitundika hapo mpaka leo, anangoja mtu aje.

Nimeambiwa nifunge. Nafunga.

Hiyo ratiba mliyoshika mikononi, yenye majina ya waheshimiwa na ya wahitimu, yeye ndiye aliyeichapa, na jina lake halimo. Tazameni chini kabisa, ukingoni: ameandika A.B.C. Nilipomuuliza akaniambia, "Dada, hii si barua."

Mdogo wangu, uliyesimama mlangoni na boksi la karatasi ukidhani sikuoni: mimi ndiye niliyekuvalisha shati la kwanza la shule, nitakosaje kukuona? Ingia ukae. Mpisheni, jamani. Mama wa gauni la bluu, sogea kidogo, apite.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndugu wageni waalikwa, asanteni kwa kunipa masikio na kwa kuvumilia ukali wangu. Yote niliyosema nimeyasema mwenyewe, si kwa niaba ya mtu.

Ni mimi, dada yake.